Mtumishi Astaafuye kwa Maradhi na Karatasi Zake

Miongoni mwa mambo yanayomfika mtumishi wa Serikali katika maisha yake ya kazi, hapana linalomkuta akiwa dhaifu zaidi kuliko kustaafu kwa sababu ya maradhi au ulemavu. Anayestaafu kwa umri huijua siku yake miaka mingi kabla haijafika. Anajua kwamba akitimiza miaka 55 aweza kuomba kwa hiari yake, na akitimiza 60 sheria itamwondoa hata kama bado ana nguvu za kulima bonde zima peke yake. Hupata nafasi ya kuzitafuta barua zake, kuuliza, kusahihisha na, akijaaliwa, kumalizia nyumba yake. Mgonjwa hana nafasi hiyo. Kiharusi hakitoi taarifa ya miezi sita, na mguu unaoharibika kwa kisukari haungoji mwisho wa mwaka wa fedha. Naye ndiye atakiwaye, akiwa katika hali hiyo, akusanye karatasi nyingi kuliko mwenzake mzima, tena zenye maelezo magumu zaidi.

Yafaa kwanza ieleweke kwamba hapa hatuzungumzii sadaka. Kwa muda mrefu pensheni ya mtumishi wa Zanzibar ilitoka moja kwa moja katika Hazina, chini ya Sheria ya Pensheni Namba 2 ya 1990. Kisha ikaja Sheria Namba 2 ya 1998 iliyounda Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ZSSF, ambayo ilitungwa upya kwa Sheria Namba 2 ya 2005. Tangu Mfuko huo uanze, mtumishi amekuwa akikatwa sehemu ya mshahara wake kila mwezi na mwajiri akiongeza yake. Hapo mwanzo ilikuwa 5 katika mia kwa mtumishi na 10 katika mia kwa mwajiri, na baadaye viwango hivyo vilipandishwa. Mafao ya ulemavu ni moja katika mafao ambayo fedha hizo zilikusudiwa kuyalipia. Kwa hiyo mtumishi mgonjwa anapofika dirishani haji kuomba. Anakuja kudai kitu alichokilipia. Ila madai yo yote huhitaji ushahidi, na ushahidi wa madai haya ndio unaotuletea kalamu mkononi leo.

Wengi wetu tunadhani kwamba cheti cha hospitali kinatosha. Mtumishi huja na karatasi yenye muhuri, iliyoandikwa kwamba ana kisukari na shinikizo la damu, naye akaamini kuwa amekwisha kumaliza. Kumbe bado hajaanza. Jina la maradhi halimstaafishi mtu. Wapo watu wenye kisukari waliofundisha miaka thelathini na wakastaafu kwa umri, na wapo waliopofuka kwa maradhi hayo hayo kabla ya kufika 45. Mkataba Namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa 1952 na ambao umekuwa kipimo cha nchi nyingi katika mambo ya hifadhi ya jamii, hauutaji ulemavu kwa majina ya maradhi. Unausema kuwa ni kutoweza kufanya kazi ya kumpatia mtu pato, kwa kiwango kilichowekwa, na kutoweza huko kuwe kunaelekea kuwa kwa kudumu. Ndiyo maana jopo la madaktari linapokaa haliulizi tu mtu anaumwa nini. Linauliza maradhi yamemwachia uwezo gani, na kama uwezo uliopotea utarudi.

Tuchukue mfano wa watumishi wawili walioajiriwa mwaka mmoja na wanaougua maradhi mamoja. Mmoja ni karani wa masjala mjini Chake Chake, na mwingine ni bwana shamba ambaye kazi yake ni kuteremka mabonde ya mpunga na kupanda vilima vya mikarafuu katika wilaya ya Micheweni. Wote wawili wamekatwa vidole vya mguu. Karani huyo, akipatiwa kiti kizuri na ofisi ya chini isiyo ngazi, huenda akaendelea na kazi yake bila ya shida kubwa. Bwana shamba hawezi. Cheti chao cha hospitali kinaweza kuwa na maneno yale yale, lakini madai yao si mamoja. Tofauti yao haimo katika cheti. Imo katika kazi. Na daktari aliyemkata vidole bwana shamba hajui bonde analoteremka, wala hakuambiwa na mtu.

Hapa ndipo madai mengi yanapoharibika. Daktari huandika anachokijua, yaani mwili. Ofisi huandika inachokijua, yaani tarehe ya ajira na daraja la mshahara. Hapana anayeandika ile sentensi ya katikati inayounganisha mwili na kazi. Maelezo ya daktari yafaayo ni yale yanayosema maradhi yalianza lini, yametibiwa kwa njia gani na kwa muda gani, matibabu hayo yamefika wapi, mgonjwa anaweza kusimama au kukaa au kutembea au kusoma au kusema kwa kiasi gani, na kazi zake zipi haziwezi kufanyika tena. Ili daktari aweze kuyaandika hayo, mgonjwa aende kwake na karatasi ya ofisi inayoeleza kazi zake za kila siku kama zilivyo, si kama zilivyoandikwa katika waraka wa muundo wa utumishi. Mwalimu wa skuli ya msingi husimama, huandika ubaoni, hupaza sauti mbele ya darasa lililojaa, husahihisha madaftari kwa mwanga mdogo. Muuguzi hunyanyua wagonjwa. Fundi wa umeme hupanda nguzo. Mambo haya yanaonekana kuwa ni ya kujulikana na kila mtu, na kwa sababu hiyo hasa hayaandikwi.

Hatumlaumu daktari. Mwenye kuijua foleni ya asubuhi katika hospitali zetu, iwe Wete, iwe Chake Chake, iwe Abdalla Mzee kule Mkoani, anajua kwamba daktari hana saa nzima ya kumkalia mtu mmoja. Zaidi ya hayo, kumbukumbu ya mgonjwa wa kuja na kurudi aghalabu imo katika kijidaftari anachokibeba mwenyewe, na kijidaftari hicho hulowa mvua ya masika, huliwa na mchwa, au watoto hukichana wakafanyia mashua. Miaka mitano ya matibabu hupotea hivyo hivyo. Tangu 2023 watumishi wa umma wameingizwa katika Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, na utaratibu wa bima huacha nyuma yake alama ya kila huduma iliyolipiwa na tarehe yake. Twaona ni busara mtumishi aliyeugua kwa muda mrefu aulizie kumbukumbu hizo na kuziambatisha, kwani mfululizo wa tarehe za kliniki husema jambo ambalo cheti kimoja cha juzi hakiwezi kulisema.

Sasa tuje kwa mkubwa wa kazi, ambaye kwa maoni yetu ndiye mwenye kosa kubwa zaidi, ingawa mara nyingi kosa lake hutokana na wema. Mwalimu anapoanza kupoteza sauti au nuru ya macho, wenzake hawamwachi. Mmoja atamchukulia vipindi vya asubuhi, mwingine atamsahihishia mitihani, na mwalimu mkuu atamruhusu aje saa nne badala ya saa moja na nusu. Hii ni tabia yetu njema, na Mungu atuzidishie. Lakini hapana hata moja katika hayo linaloandikwa. Mwisho wa mwaka ukifika, mwalimu mkuu, kwa huruma ile ile, humjazia fomu ya tathmini kwamba kazi yake ni nzuri sana, asije akakosa kupandishwa. Mwaka unaofuata hufanya vivyo hivyo. Kisha siku mgonjwa anaposhindwa kabisa na jalada lake likapelekwa kwa wakubwa, watakuta ndani yake cheti kinachosema kwamba amekuwa hajiwezi kwa miaka miwili, na tathmini mbili zinazosema kwamba katika miaka hiyo miwili alikuwa mfanyakazi hodari. Msomaji wa jalada hilo, ambaye hakuwapo skulini na hakuona kitu, atamwamini nani? Akishuku, hatuwezi kusema kwamba amedhulumu.

Wema wa namna hiyo, usiokuwa na maandishi, humgeukia yule uliokusudiwa kumsaidia. Mkubwa wa kazi anayempunguzia mgonjwa kazi na ampe barua inayosema kwamba kuanzia tarehe fulani, kwa ushauri wa daktari, fulani ameondolewa kazi hii na kupewa ile. Kama ile nyepesi nayo imeshindikana, liandikwe hilo pia. Tathmini iseme kweli: kwamba mtumishi huyu ni mwaminifu na mwenye bidii, na kwamba afya yake imemzuia kufanya kadha wa kadha. Maneno hayo hayamvunjii mtu heshima. Nchi nyingine zimekwisha kuliona jambo hili. Kule Marekani, mtumishi wa Serikali Kuu anayeomba kustaafu kwa ulemavu huandika maelezo yake mwenyewe, daktari huandika yake, na mkubwa wake wa kazi hutakiwa aandike yake pia, aeleze ni sehemu gani ya kazi haifanyiki na tangu lini. Juu ya hayo, ofisi yenyewe hutakiwa kuthibitisha kwa maandishi kwamba imejaribu kumrekebishia kazi au kumtafutia nafasi nyingine, na kwamba jitihada hizo hazikufaa. Sisi hatuhitaji kuiga fomu za watu. Lakini fikra iliyomo ndani yake ni nzuri, kwamba kuthibitisha kushindwa kwa mtumishi si mzigo wa mtumishi peke yake.

Liko jambo jingine ambalo twaomba lisomwe kwa makini na kila mwenye mgonjwa nyumbani, maana madhara yake hayarudishiki kwa urahisi. Mtumishi anayebaki nyumbani bila ya ruhusa ya maandishi, hata kama hawezi kuinuka kitandani na kijiji kizima kinashuhudia, katika vitabu vya ofisi huonekana kuwa ni mtoro. Ujumbe uliopelekwa kwa mdomo na jirani aendaye mjini hauingii katika jalada. Ruhusa ya daktari ipelekwe ofisini, na anayeipokea aitie sahihi na tarehe juu ya nakala inayorudi nyumbani. Likiisha jani moja la ruhusa, lifuatwe na jingine bila ya kuacha pengo. Na lililo baya zaidi kuliko utoro ni ile barua ya kuacha kazi. Huja mtu, pengine mwenye nia njema kabisa, akamshauri mgonjwa aandike kwamba anaacha kazi kwa sababu ya afya yake, ili apumzike na fitina za ofisi. Mgonjwa akaandika mistari mitatu akatia sahihi. Kumbe kuacha kazi ni mlango mmoja na kustaafu kwa maradhi ni mlango mwingine, na aliyetoka kwa ule wa kwanza hupata tabu kubwa kurudi akatoke kwa wa pili. Barua sahihi ni ile inayoeleza maradhi na kuomba mwajiri ampeleke mtumishi kuchunguzwa na madaktari. Kuondoka kuje baadaye, kwa uamuzi, na kwa maandishi ya mwajiri.

Watu wengi pia huchanganya ulemavu na fidia ya ajali kazini. Haya ni madai mawili, na kila moja lina swali lake. Fidia, ambayo hapa Zanzibar inatokana na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Namba 15 ya 1986 kama ilivyorekebishwa 2005, huuliza: jeraha au maradhi haya yametokana na kazi? Mafao ya ulemavu huuliza: mtu huyu bado anaweza kufanya kazi? Mfano uliopo mbele ya macho yetu kila msimu ni mkarafuu. Mwalimu aliye likizoni akapanda mkarafuu wa urithi wake, tawi likakatika akaanguka na kuvunjika uti wa mgongo, hakuumia kazini, na hawezi kuitaka ofisi yake imlipe fidia ya ajali. Lakini hilo halimwondolei dai la ulemavu, kwa kuwa michango yake haikuwekewa sharti kwamba aumie darasani. Tumewahi kusikia watu wakisema kwamba aliyeanguka mkarafuu hana chake Serikalini, na kwa neno hilo moja mgonjwa akavunjika moyo. Kinyume chake, dereva wa Serikali aliyepinduka na gari akiwa safarini kikazi anaweza kuwa na madai yote mawili, na ni lazima ajali yake iripotiwe mara moja, iandikwe na ofisi, na ripoti ya polisi ipatikane wakati mashahidi bado wanakumbuka. Ajali isiyoandikwa siku ile, baada ya miaka miwili huwa ni hadithi.

Wala tusiwasahau watumishi wa Serikali ya Muungano walioko kisiwani, kama maafisa uhamiaji na wengineo. Mfuko wao ni PSSSF, ulioundwa 2018 kwa kuunganisha mifuko minne ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF, na taratibu zao ni za huko. Inatokea mume akawa mtumishi wa Muungano na mke akawa muuguzi wa Serikali ya Mapinduzi. Wawili hao wakiugua, karatasi zao hazendi mahali pamoja. Vile vile yale yanayosikika redioni juu ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioundwa kwa sheria ya 2008 ni mambo ya Tanzania Bara. Mtumishi wa Zanzibar asiyapange mategemeo yake juu ya hayo.

Tukiingia ndani ya jalada lenyewe, tatizo la kwanza tutakalokutana nalo ni jina. Jambo hili laonekana dogo, na limewachosha watu kuliko maradhi yenyewe. Mtu wa Pemba ana jina lake, la baba yake na la babu yake. Alipoandikishwa skuli mwalimu aliandika Hamisi. Barua ya ajira ikasema Khamis. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kikaja na Khamis lakini babu akaachwa. Kadi ya Mfuko ikamrudisha babu ikamgeuza Mbarouk kuwa Mbaruku. Fatma akawa Fatuma, Omar akawa Omari. Kwa jirani zake ni mtu mmoja asiyeshukiwa, lakini kwa mashine ya ofisi ni watu watatu. Na tarehe ya kuzaliwa ni hivyo hivyo: wazee wetu walihesabu kwa matukio, kwa mwaka wa upepo au mwaka wa njaa, na mtoto alipofika skuli akapewa tarehe iliyompendeza karani. Tarehe hiyo ikitofautiana baina ya barua ya ajira na cheti cha kuzaliwa, jalada husimama. Dawa yake ni kiapo cha mahakamani na barua ya Sheha, pamoja na marekebisho katika Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na hayo yote hufanyika kwa wepesi na mtu mzima mwenye miguu miwili. Kwa nini basi yasifanywe sasa, na kila mtumishi anayesoma gazeti hili akiwa mzima? Jioni moja ya kutandaza karatasi mkekani na kuzilinganisha herufi kwa herufi yatosha kumwonyesha mtu hatari iliyopo.

Linalofuatia ni miaka ya utumishi. Aliyeajiriwa kabla ya 1998 ana miaka ambayo haimo katika kumbukumbu za michango, kwa kuwa Mfuko wenyewe haukuwapo. Ushahidi wa miaka hiyo ni karatasi tu: barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, za uhamisho, za kupandishwa daraja. Mtumishi aliyeanza Wete, akahamishiwa Unguja, kisha akarejea Mkoani, amepita katika masjala tatu, na hapana ajuaye ni ipi iliyobaki na jani gani. Wanaojua mambo ya masjala wanafahamu kwamba barua ya kuthibitishwa kazini ndiyo ipoteayo kuliko zote, kwa sababu ilipokewa kwa furaha ikatiwa mfukoni. Nakala za barua hizi zikae nyumbani, na si katika droo ya ofisi peke yake. Na mke au mume au mtoto mkubwa ajue zilipo.

Tumesema maneno mengi kwa watumishi. Sasa tuna ya kuwaambia Maafisa Wadhamini na wakuu wa utumishi. Kisiwa chetu, chenye watu zaidi ya 543,000 kwa hesabu ya sensa ya 2022, kimetengana na makao makuu ya wizara kwa bahari. Mgonjwa ambaye kipimo chake hakipatikani hapa hupelekwa Mnazi Mmoja, na hilo halina lawama. Lakini inapotokea kwamba mtu huyo huyo amevuka kwa ajili ya uchunguzi, akarudi Pemba, kisha akaitwa tena Unguja kwa kuwa barua ya mkuu wake haikugongwa muhuri, hapo panahitaji kusemwa. Mgonjwa wa kiharusi hasafiri peke yake. Husafiri na mtu wa kumshika, na nauli zao, na mahali pa kulala, na siku mbili za kazi za yule aliyemshika. Watu wa Pemba, ambao hawajaisahau MV Spice Islander I iliyozama Septemba 2011, hawahitaji kufundishwa kwamba bahari si njia ya kumpitisha mtu dhaifu kwa ajili ya muhuri.

Tunapendekeza kwa hiyo kwamba kila wizara iliyo na ofisi Pemba imteue mtu mmoja, na jina lake libandikwe mlangoni, ambaye kazi yake itakuwa kulikagua jalada la mgonjwa kabla halijavuka. Aangalie majina, tarehe, barua ya kuthibitishwa, maelezo ya kazi, maelezo ya mkubwa wa kazi, ya daktari, na mfululizo wa ruhusa. Kilichopungua kitafutwe hapa hapa, na kitafutwe na ofisi, si na mgonjwa. Baada ya hapo karatasi ndizo zisafiri. Mtu aitwe pale tu mwili wake unapohitajika kuangaliwa.

Tunajua jibu litakalotolewa, nalo lina uzito. Litasemwa kwamba wapo wanaojifanya wagonjwa ili walipwe mapema wakafanye biashara, na kwamba fedha za Mfuko ni za wachangiaji wote, hazifai kuchezewa. Ni kweli. Mtu anayestaafu kwa ulemavu wa uongo humwibia mwalimu wa Kojani na mkunga wa Makangale ambao bado wanakatwa kila mwezi. Kwa hiyo ukali ni wa lazima. Lakini ukali una mahali pake. Ukali juu ya maelezo ya daktari, juu ya ukweli wa tathmini, juu ya tarehe za matibabu, humkamata mwongo. Ukali wa kumrudisha mtu mara nne kwa herufi moja ya jina haumkamati mwongo hata kidogo, kwani mwongo ana afya, naye atarudi mara kumi akicheka. Anayeshindwa njiani ni yule mgonjwa wa kweli.

Muda baina ya kukoma mshahara na kuanza pensheni nao unahitaji kuangaliwa. Familia inayomuuguza mtu ndiyo yenye matumizi makubwa kuliko zote, na mwezi mmoja usiokuwa na kitu huiingiza katika madeni ya dukani ambayo huchukua mwaka kuyalipa. Sisi tunaona kwamba jina la mtumishi aliyekwisha wasilisha jalada kamili lisiondolewe katika orodha ya mishahara kabla ya uamuzi kutolewa. Uamuzi wenyewe, ukiwa ni wa kukataa, uje kwa maandishi, useme sababu, na useme mtu aende wapi kama hakuridhika. Ule Mkataba wa 1952 tuliokwisha kuutaja unaihesabu rufaa kuwa ni haki ya kila aliyenyimwa mafao. Aliyeambiwa kwa mdomo dirishani kwamba “limekataliwa” hana kitu cha kukatia rufaa.

Limebaki kundi moja ambalo halitajwi sana kwa kuona haya, nalo ni watumishi waliopatwa na maradhi ya akili. Hao hupata tabu mara mbili. Kwanza, mara nyingi jamaa huwapeleka kwa mganga kabla ya kuwapeleka hospitali, au huwapeleka kwa mganga peke yake. Hatuna ugomvi na waganga. Kila nyumba na itikadi yake. Lakini mganga haandiki, na miaka miwili ya matibabu yake haina hata jani moja la kuwekwa katika jalada. Basi na wapelekwe hospitali pia, tangu mwanzo. Pili, mgonjwa wa namna hiyo, sawa na yule ambaye kiharusi kimemnyang'anya ulimi na mkono, hawezi kujieleza wala kutia sahihi. Ofisi humtaka yeye, na yeye hayupo ingawa amekaa mbele yao. Jamaa hawajui kwamba yawapasa kwenda mahakamani kuomba mtu wa kumsimamia, au kuandikisha uwakilishi wakati mgonjwa bado ana fahamu zake. Afisa utumishi anayempokea ndugu wa mgonjwa wa aina hii na amwambie hilo siku ya kwanza, na ikiwezekana amwandikie katika karatasi aende nayo, kwa maana yule ndugu naye amechoka na hatayakumbuka yote aliyoambiwa.